Maiti hii, maiti huyu: upatanisho wa kisarufi katika filamu ya kutisha

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jambo la sarufi lililojitokeza mahali ambapo mwanaisimu hakulitarajia, yaani katika nyumba ya video mjini Kasongo, usiku mmoja wa Julai. Wasomaji wa Maniema ya kusini wanaijua baridi ya kiangazi: watu walijifunika vitenge hadi masikioni, na jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta.

Filamu yenyewe ni Night of the Living Dead, ambayo George Romero aliipiga karibu na Pittsburgh, Marekani, ikatoka mwaka 1968. Iligharimu takriban dola 114,000, fedha kidogo mno kwa sinema ya nchi ile. Haina rangi, na sehemu ya damu yake ni sharubati ya chokoleti. Wafu wanaamka, wanaizingira nyumba ya shambani, wanawala walio hai. Tuliitazama kwa Kifaransa, huku kijana mmoja akitufasiria kwa Kiswahili.

Mwanzoni ndugu wawili wanazuru kaburi la baba yao. Mfasiri akasema: "Maiti imezikwa hapa." Punde mtu mmoja anayepepesuka akawashambulia, naye akapaza sauti: "Maiti anakuja!" Neno hili la asili ya Kiarabu huchukua upatanisho wa aina zote mbili, lakini kijana hakuzichanganya ovyo. Maiti iliyolala ilikuwa kitu. Iliyosimama ikapata kiambishi cha mtu.

Neno mzimu hakulitumia kabisa. Tulipomwuliza sababu, alijibu: "Muzimu iko na jina, mwalimu. Hawa hawana." Jibu hilo ni zuri kuliko fasili nyingi za kamusi. Mzimu, wenye shina la kale la Kibantu, ni mzee wa ukoo anayeitwa na kutarajiwa kuitika.

Zombi nalo halimo katika filamu hii, ingawa vijana huwaita hivyo viumbe wake. Neno lilienea kutoka Haiti, hasa baada ya kitabu cha William Seabrook cha mwaka 1929, na wataalamu hulihusisha na nzambi ya Kikongo au nzumbi ya Kimbundu, lugha za watumwa waliovushwa bahari. Huko Zanzibar, wakati wa uchaguzi wa 2015 na marudio yake ya 2016, watu waliofunika nyuso na kupiga raia waliitwa mazombi. Neno la upande wa mlango wa mto wetu limetufikia kwa njia ndefu kweli.

Katikati ya filamu mama mmoja wa Kabambare aliuliza: "Hawa, nani aliwazika?" Hakuna aliyecheka. Katika vita vya 1998 hadi 2003 wengi walifia porini, wakafukiwa haraka na watu wasiowajua, au hawakufukiwa. Mfasiri alinyamaza kitambo.

Mwishoni Ben, mtu mweusi anayeigizwa na Duane Jones, ameuvuka usiku ule peke yake. Asubuhi wanakuja watu wenye bunduki, wanamdhania mfu, wanampiga risasi, kisha wanamburuta kwa kulabu hadi kwenye moto.

"Maiti inachomwa," akasema mfasiri.

"Anachomwa, mwanangu," mama yule akamsahihisha. "Huyu tulikuwa naye usiku kucha. Sema anachomwa."

Kijana akarudia: "Anachomwa."