Kuingia Salama Kwenye Seva ya Idara (2): Usijibu “Yes” kwa Mazoea

Wiki iliyopita tuliona jinsi mwanafunzi aliye likizoni Kimwani, wilayani Muleba, anavyoweza kuendesha kazi yake kwenye seva ya idara iliyoko Dar es Salaam kwa bando la simu tu. Leo tuitazame njia yenyewe, kwa sababu maneno yake hupita kwenye mitambo mingi isiyo yake wala ya chuo.

Zamani watu walitumia Telnet, iliyosafirisha jina na nywila peupe. Mwaka 1995, mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, ulipandikizwa programu ya kunasa nywila. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akatengeneza SSH na kuitoa bure Julai mwaka huohuo. Aliiombea mlango namba 22, uliokuwa haujachukuliwa, kati ya 21 wa kuhamisha mafaili na 23 wa Telnet. Unatumika hadi leo.

SSH huyafumba maneno yenyewe, bila wewe kuhangaika. Kazi iliyobaki kwako ni kujua unaongea na nani. Mara ya kwanza ukiandika ssh, kisha jina lako, alama ya @ na anwani ya seva, kompyuta itakwambia haiwezi kuthibitisha kwamba hiyo ndiyo seva yenyewe. Itakuonyesha utambulisho unaoanza na SHA256, ukifuatiwa na herufi, tarakimu na alama, jumla 43, halafu itakuuliza kama uendelee. Wengi huandika yes bila hata kusoma. Kufumba maneno kutakufaa nini iwapo anayeyapokea ni tapeli aliyejipenyeza kwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni pale Bukoba?

Basi, kabla hujafunga safari, mwombe msimamizi wa seva akupe utambulisho huo. OpenSSH za miaka ya karibuni zinakuruhusu kuubandika badala ya kuandika yes; usipolingana, hupiti. Ukishakubaliwa, huhifadhiwa kwenye faili la known_hosts. Siku kompyuta ikikuonya kwamba utambulisho umebadilika, usikimbilie kuufuta ule wa zamani. Pengine idara imebadilisha mashine, pengine sivyo. Piga simu uulize.

Baada ya hapo achana na nywila, utengeneze funguo kwa amri ya ssh-keygen -t ed25519. Utapata mafaili mawili. Linaloishia na .pub ni kama kufuli: likabidhi kwa seva bila wasiwasi. La pili ndilo ufunguo: liwekee nywila yake, usilitume WhatsApp, wala usilinakili kwenye kompyuta ya steshenari. Kompyuta ya watu ikiwa na programu inayorekodi unachobonyeza, SSH haina la kukusaidia.

Wiki ijayo: kuhamisha mafaili, na namna ya kuiacha kazi iendelee kwenye seva hata mtandao wako ukikatika.