Kabla hujavusha runinga Mugina, soma kibandiko cha nyuma

Siku za soko, pale Mugina tunapopakana na Manyovu ya Kigoma, maboksi ya runinga huvuka yakiwa yamefungwa nyuma ya pikipiki au yamebanwa kati ya magunia ndani ya Hiace. Wenye mzigo wengine ni wafanyabiashara wa Nyanza-Lac na Rumonge walioizoea njia. Wengine ni ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Nduta na Nyarugusu, wanaoanza maisha upya kwa akiba ndogo na ambao hawana fedha ya kununua mara mbili.

Hivi karibuni mama mmoja anayefanya biashara hiyo aliniwekea mezani karatasi mbili alizonakili dukani Mwanga, Kigoma. Moja ilikuwa ya runinga ya inchi 43 yenye maandishi makubwa ya 4K na "Smart". Ya pili ilikuwa ya inchi 32, ya kawaida kabisa. Bei ya ile kubwa ilikaribia mara mbili ya nyingine. "Mwanangu," akaniuliza, "hiyo pesa ya juu nainunulia nini hasa?"

Nilimwuliza kwanza runinga inakwenda wapi. Akasema ni ya kaka yake, aliyejenga ndani huko Makamba, mbali na nguzo za umeme, na anatumia sola. Jibu hilo peke yake lilitosha kuziondoa nusu ya sifa zilizoandikwa kwenye boksi.

Tuanze na hiyo 4K inayouza sana. Maana yake ni kwamba kioo kina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu. Full HD ina 1,920 kwa 1,080, na runinga nyingi ndogo zinazoandikwa HD zina 1,366 kwa 768. Nukta zikiwa nyingi picha huwa safi zaidi, lakini ni kama jicho linaweza kuziona. Kwenye kioo cha inchi 43 cha Full HD, nukta moja ina upana wa karibu nusu milimita. Mtu mwenye macho mazima akikaa umbali wa mita 3 hawezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya milimita 0.9 hivi. Kwa hiyo katika sebule zetu nyingi 4K ya inchi 43 ni fedha iliyolipwa kwa kitu ambacho macho hayakifikii. Isitoshe, matangazo ya kawaida ya antena hayarushwi kwa kiwango hicho.

Namba nyingine za boksi ni za kupita tu. Ukikuta uwiano wa weusi na weupe umeandikwa milioni moja kwa moja, au neno "motion" likifuatiwa na 200 au 400, fahamu kwamba kila kiwanda kina namna yake ya kuhesabu, na kioo chenyewe mara nyingi hubadilisha picha mara 50 au 60 tu kwa sekunde. Wasomaji wa umri wangu wanazikumbuka zile redio kaseti zilizoandikwa PMPO wati 1,000 huku zikitumia betri sita. Mchezo ni ule ule.

Kibandiko cha nyuma ya runinga ndicho chenye ukweli mwingi zaidi. Hakina rangi wala picha ya mpira, na muuzaji hatakuonyesha mpaka umwombe.

Hapo tafuta kwanza volti. Iliyoandikwa AC 100-240V, 50/60Hz itaendelea kuwaka hata umeme ukishuka jioni watu wote wanapowasha taa na pasi. Iliyoandikwa 220-240V peke yake itasumbua mahali ambapo umeme hushuka mpaka 170 au 180, na itabidi uongeze gharama ya stabilaiza. Iliyoandikwa 120V, 60Hz ilitengenezwa kwa soko la Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 220 unaiunguza. Nalitaja hili kwa sababu maelfu ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipelekwa kuishi Marekani kuanzia mwaka 2007, na zawadi za jamaa hao hufika hata vijijini.

Baada ya volti, tazama wati. Inchi 32 ya LED hutumia takriban wati 30 hadi 60. Inchi 43 ya 4K inaweza kufika 90 au zaidi, na zile plazma za zamani za inchi 42 zinazouzwa mitumba hupita 200. Kwa mwenye sola hesabu ni nyepesi. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya risasi ya kawaida haifai kuitumia zaidi ya nusu kama unataka idumu. Zinabaki 600. Runinga ya wati 40 pamoja na king'amuzi cha wati 10 zitakaa saa 12. Ile ya wati 90 na king'amuzi hicho hicho ni saa 6, na hapo hujawasha taa hata moja wala kuchaji simu, wala hujahesabu kinachopotea kwenye inveta. Zipo pia runinga ndogo zenye tundu la DC 12V zinazounganishwa na betri bila inveta kabisa. Yule mama hakuwa amezisikia, na muuzaji hakuwa amemwambia.

Jambo linalowaumiza wengi zaidi, hata hivyo, ni antena. Nchi zilizofungamana na makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 zilipewa hadi tarehe 17 Juni 2015 kuachana na mitambo ya analojia. Tanzania ilianza kuizima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Rwanda ikafuata mwaka 2014. Mfumo ulioenea katika ukanda wetu ni DVB-T2. Runinga yenye DVB-T bila hiyo 2 haiupokei, hata kama boksi limeandikwa "Digital" kwa herufi za dhahabu. Ya Marekani hutumia ATSC, ambayo huku haina kazi. Zote mbili bado zinaweza kutumika kwa king'amuzi cha nje, kama TV ya chogo ya zamani, lakini gharama hiyo iingize kwenye bei kabla hujalipa. Hata yenye T2 ndani hupokea chaneli za bure tu; za kulipia zinahitaji kadi au king'amuzi cha kampuni husika.

Kuhusu "Smart", nilimwuliza yule mama kama kaka yake ana intaneti. Akacheka. Hata kwa mwenye intaneti, runinga ya bei nafuu yenye kumbukumbu ya GB 1 na hifadhi ya GB 8 huanza kuburuta miguu baada ya programu kusasishwa mara kadhaa. Tena programu zenyewe hazina ahadi: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za mwaka 2010 na 2011, ambazo vioo vyake vilikuwa bado vizima. Tundu la USB na mawili ya HDMI vitakutumikia muda mrefu zaidi.

Maoni ya walionunua yana faida, ila yasome ukiwa na namba kamili ya modeli mkononi, herufi zote. Kwa Samsung, kwa mfano, modeli zinazoanza na UA ni za Asia na Afrika, UE ni za Ulaya na UN za Marekani ya Kaskazini. Sifa alizomwaga mnunuzi wa Chicago kwa UN hazikuambii lolote kuhusu kipokezi cha UA. Mimi huziruka nyota tano, maana wengi huziandika wiki ile ile ya kununua, wakiwa bado na furaha ya boksi jipya. Nasoma za nyota tatu, na hasa za aliyekaa nayo mwaka mzima. Natafuta maneno kama mistari kwenye kioo, sauti ndogo, kuzimika yenyewe. Sauti usiidharau: spika mbili za wati 5 hazisikiki mvua ikipiga bati.

Upande wa forodha, wafanyabiashara wengi hudhani kile cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, kinaifunika runinga. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Runinga ya China iliyonunuliwa Kigoma haiwi ya Kigoma. Kwa wanaorejea, sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inasamehe vyombo vya nyumbani ambavyo mtu alikuwa akivitumia alikokuwa akiishi. Runinga uliyoitazama mwaka mzima inaingia hapo. Maboksi matatu yaliyofungwa yenye risiti ya jana ni biashara, na ofisa atayahesabu hivyo.

Yule mama alichukua ile ya inchi 32 yenye T2 na volti 100-240, na fedha iliyobaki akaongezea betri. Nilimwomba aiwashe dukani kwa dakika 10, aangalie picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu ili kuona madoa na mistari, na apime kioo kutoka kona hadi kona: inchi 32 ni sentimita 81. Udhamini wa duka la Kigoma unadaiwa Kigoma, na kioo kikivunjika njiani hakuna fundi atakayekibadilisha kwa bei iliyo chini sana ya runinga mpya. Ndani ya Hiace boksi lisimame wima, lisilazwe kamwe chini ya gunia, na maboya yake meupe ya ndani yasitolewe mpaka lifike nyumbani.