Gari Kuukuu Ngomeni: Kabla ya Rangi, Pambana na Chumvi

Je, msomaji, umewahi kuona gari linalometameta kwa mbali kama jipya, lakini mwenyewe akibamiza mlango vipande vya kutu vinadondoka chini yake kama makapi ya mpunga? Magari ya namna hiyo si haba katika ukanda wa Malindi na Kilifi, na aghalabu wenyewe si wazembe hata kidogo. Walitoa pesa zao, fundi akaitwa, gari likakandikwa puti na kupulizwa rangi, majirani wakasifu. Masika mawili hayakupita kabla malengelenge hayajachomoza palepale palipotengenezwa.

Leo tunazungumza na wewe unayetaka kuifanya kazi hiyo kwa mikono yako. Pengine umeachiwa gari na babu, au wewe ni mwanafunzi uliyenunua Peugeot iliyokuwa imegeuka kiota cha kuku. Tutaifanya Ngomeni iwe karakana yetu ya kujifunzia, kwa kuwa bodi inayostahimili Ngomeni haitakushinda Nairobi wala Nakuru.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajafika huko, ukitoka Malindi kuelekea kaskazini unavuka mto Sabaki, unapita Mambrui, kisha Gongoni unakata kulia kuelekea baharini. Eneo hilo ni la mabwawa ya kukaushia chumvi, mikoko na wavuvi. Baharini yamesimama majukwaa ya chuma ya Waitaliano ambako Desemba 12, 1970 ilirushwa setilaiti ya kuchunguza nyota ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Kenya. Basi fikiria gari linalolala nje mahali penye bahari upande mmoja na mabwawa ya chumvi upande wa pili.

Chumvi yenyewe haili chuma. Kinachokula chuma ni maji yakishirikiana na hewa, na chumvi ni mchochezi wao. Chumvi ya jikoni huanza kuvuta unyevu hadi ikayeyuka pindi unyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75. Mama wa nyumbani wa Pwani analijua jambo hili bila kufundishwa, ndiyo sababu hutia punje za mchele kwenye kidau cha chumvi. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi, maana ndani yake mna magnesi kloridi ambayo huvuta unyevu hata hewa ikiwa na asilimia 33 tu. Kwa hivyo bati lenye vumbi la chumvi haliwi kavu, hata wakati wa kaskazi ambapo wewe mwenyewe unahisi midomo imekauka. Isitoshe, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ukiifunika kwa puti itaendelea kuvimba huko chini na kuisukuma puti yako nje.

Sumaku na bisibisi

Kabla hujanunua hata karatasi moja ya msasa, tafuta sumaku ndogo. Ile ya spika ya redio mbovu inafaa sana. Ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, kisha ipitishe polepole juu ya bodi yote. Mahali inaposhika kwa nguvu pana chuma karibu. Mahali inapoteleza na kuanguka pana puti nene, na chini ya puti hiyo kuna hadithi ambayo aliyekuuzia hakukusimulia. Halafu chukua bisibisi, ingia chini ya gari, ukandamize kwenye vizingiti vya milango, kingo za madigadi, sakafu iliyo chini ya mazulia na shimo la gurudumu la akiba. Bisibisi ikizama, usisikitike. Ni heri ujue leo.

Mwenye Land Rover ya zamani asishangae sumaku yake ikikataa kabisa, kwani sehemu kubwa ya bodi hiyo ni aluminiamu. Land Rover huwahadaa watu kwa njia hiyo. Mabawa yanaweza kuwa salama kabisa ilhali chasisi ya chuma iliyo chini imegeuka biskuti. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa na kuacha unga mweupe. Katika Volkswagen ile yenye umbo la kobe, chunguza mifereji iliyo chini ya milango. Hiyo ilitengenezwa kupitisha hewa ya moto ya kuwapasha joto abiria, starehe ambayo sijui nani aliihitaji Malindi.

Peugeot 404 na 504 hazina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na vizingiti vya milango ni kama boriti za nyumba. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka 404 ilivyotamba katika Safari Rally. Nick Nowicki alishinda nayo mwaka 1963 na 1968, na kila mara ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Kati ya miaka hiyo, Bert Shankland wa Tanzania alishinda nayo 1966 na 1967. Gari lililoshinda matope ya aina hiyo linaweza kukatika kiunoni kwa sababu ya kizingiti kilichojazwa magazeti na kupakwa puti. Nasema magazeti kwa kuwa yametumika, na si magazeti tu, hata matambara na saruji. Familia ikipakiwa ndani na gari likagongwa ubavuni, hakuna chuma cha kuwakinga watoto. Hapo ndipo mimi huona kuwa puti juu ya kutu si suala la urembo tena.

Kuna sababu nyingine ya kuyahurumia magari haya. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Hivyo 404 zilizobaki nchini ndizo hizohizo, na ikioza moja usitarajie nyingine kushuka bandarini Mombasa.

Maji matamu kwanza

Kazi huanza na maji, si nyundo. Osha gari lote juu, chini na ndani ya mapango yake yote, urudie siku ya pili na ya tatu. Lakini ni maji gani? Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvichumvi, na ukioshea maji hayo umemwita adui nyumbani. Yaonje kwanza. Osha kwa maji ya bomba, na ukiweza, suuza mwisho kwa maji ya mvua.

Kisha ondoa betri, viti, mazulia na tangi la petroli, utangi upelekwe mbali kabisa na mahali pa kuchomelea. Tangi tupu lina mvuke wa petroli, na mvuke huo ni hatari kuliko petroli yenyewe. Weka ndoo ya mchanga karibu. Ngomeni mchanga si haba. Jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba rangi za magari ya zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto mdogo. Kwa hivyo piga msasa wa maji badala ya msasa mkavu, vaa kinga ya pua, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Sasa kata. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu moyo hauwaruhusu kutoboa shimo kubwa zaidi ya lile walilolikuta. Msomaji, kata mpaka ufikie bati linalong'aa, zima, lisilo na madoadoa meusi. Shimo la ukubwa wa shilingi huweza kuishia kuwa la ukubwa wa sahani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama ni kizingiti, usikate pande zote mbili kwa wakati mmoja. Fanya upande mmoja, gari likiwa limeegemezwa sawasawa, na vyuma vya muda vimefungwa kwenye uwazi wa mlango ili bodi isipinde. Wapo waliomaliza kazi nzuri kabisa wakakuta milango haifungi.

Pima kiraka kwa boksi la kadibodi, kama fundi cherehani apimavyo kwa karatasi, ndipo ukate bati. Tafuta bati la chuma lenye unene wa karibu milimita moja. Usitumie bati la kuezekea nyumba, kwani ni jembamba na limepakwa zinki, na moshi wa zinki ukichomelewa huleta homa na baridi ya mwili jioni hiyohiyo. Kuhusu kuchomelea kwenyewe, ushauri wangu ni kwamba ukate na kupima wewe, kisha umwite fundi wa jua kali mwenye mashine ya waya aje achomelee kwa siku moja. Msimamie. Aanze kwa vidoti vilivyoachana, akiruka huku na huku ili bati lipoe, maana akichoma mstari mmoja mrefu bati litajikunja kama chapati motoni. Ukitaka kujifunza kufua bati, nunua mlango mbovu kwa wauza vyuma chakavu. Shika chuma kizito nyuma ya bati, gonga mbele kwa nyundo nyepesi mara nyingi badala ya kupiga kishindo kimoja. Mwezi mmoja wa Jumamosi utakufundisha mengi kuliko makala haya.

Puti si haramu. Ina nafasi yake juu ya bati zima lililonyooshwa, kwa unene wa milimita mbili au tatu, kufuta mawimbi madogo. Changanya kidogokidogo, kwani kwa joto la Pwani hukauka ungali na kisu mkononi.

Bati lililopigwa msasa asubuhi lipakwe rangi ya msingi siku hiyohiyo. Ukiliacha uchi usiku mmoja Ngomeni, kesho utalikuta limeota wekundu. Na hiyo rangi ya msingi ya kijivu tunayoiona kwenye magari yanayozunguka mjini miezi sita mwenyewe akitafuta pesa za rangi, mara nyingi hupitisha unyevu kama ukuta wa chokaa. Kama pesa hazijatimia, chagua ya epoksi, ambayo huziba vyema. Puliza rangi katika Januari au Februari, umande ukishaondoka, kabla upepo wa mchana haujaanza kupeperusha mchanga. Hewa ikiwa nzito, rangi hugeuka na kuwa na ukungu mweupe. Lakini zile rangi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kukazia, waachie wenye chumba na vifaa vya kupumulia. Kitambaa puani hakizuii sumu yake, na pumu inayoletwa nayo yaweza kukaa nawe maisha.

Harufu ya papa

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu tangu jadi hupaka mbao sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Huko Marekani, nahodha Mskoti aitwaye Robert Fergusson aliona kwamba mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha yenye kutu yaliizuia kutu isiendelee. Akayafanyia kazi, na mwaka 1921 akaanzisha kampuni ya rangi ya Rust-Oleum. Sikushauri umwage sifa ndani ya milango, la sivyo hakuna abiria atakayepanda. Lakini wazo ni lilelile. Mapango ya vizingiti, milango na boriti, ambayo burashi haifiki, yanataka kitu cha mafuta kinachopenya na kushika. Iko nta ya magari inayouzwa kwa makopo yenye mrija mrefu, na grisi iliyolainishwa kwa oili safi si mbaya. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini usiitumie, kwani ina asidi.

Wakati wa kupaka, angalia usizibe vitundu vidogo vilivyo chini ya milango na vizingiti. Viliwekwa kiwandani ili maji yatoke, na vikijaa mchanga na rangi, mlango hugeuka mtungi. Waya mwembamba unatosha kuvizibua. Vikague kabla ya masika, na kila mara gari linapotoka kwenye njia ya Gongoni.