Ukishuka Treni ya SGR Dar: Pesa Yako Iko Tayari?

Tangu 2024, treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Kwa Mkenya aliyepita Arusha na Dodoma kwa basi, ni njia poa ya kumalizia safari. Shida huanza ukishatoka stesheni: una pesa kwa simu, lakini huenda dereva wa bajaji asiweze kuipokea.

Kumbuka, waleti ya Kenya iko kwa shilingi za Kenya. Till za huko huitwa "lipa namba", na usichukulie tu kwamba zitakubali malipo kutoka laini yako moja kwa moja. Hata kama jina la huduma ni lile lile, nchi ni mbili.

Kabla ya kuvuka mpaka
Washa roaming ili meseji za miamala zikufikie. Badilisha pesa kidogo ya nauli na chakula, na uombe noti za 1,000 na 2,000. Konda wa daladala hatafurahia noti ya 10,000 asubuhi na mapema.

Elewa bei
Shilingi moja ya Kenya hupata zaidi ya 15 za Tanzania. Kwa hivyo ukiambiwa "elfu kumi," usishtuke, piga hesabu kwanza. Kisha elewaneni kabla ya kupanda: ni shilingi za nchi gani, na ni bei ya safari nzima au ya kila mtu?

Chagua usafiri
Daladala ndiyo matatu ya Dar, na bajaji ndiyo tuktuk. Ukitaka kuepuka jam ya Morogoro Road, uliza kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Mabasi haya yana njia yao, na nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda.

Ukiishiwa
Kuna mtu atajitolea: "Nitumie kwa namba yangu, nikupe keshi." Kataa kwa upole. Pesa ikishavuka mpaka, kuirudisha si rahisi. Kama una ndugu au rafiki Dar, mtumie yeye kwa namba yake ya +255, hakikisha jina na ada kabla ya kuweka PIN, kisha akutolee kwa wakala.

Na chaji simu ndani ya treni. Bila simu, hiyo pesa yote huwezi kuigusa.