Kamba za mnara wa redio: zikazwe kiasi gani?

Mahali pengi mashariki mwa Kongo habari zinafika kwa njia ya mnara mwembamba wa chuma: wa redio ya jamii, au wa fonia ya parokia. Kwa njia hiyo tunasikia barabara gani imefungwa na mtoto gani anatafutwa na wazazi wake. Mnara ukianguka tunabaki na uvumi, na uvumi umekwisha kuwakimbiza watu manyumbani bure.

Mnara wa namna hii hausimami kwa nguvu zake. Unashikwa na kamba za chuma kutoka pande tatu zilizoachana sawasawa. Wajenzi wa redio za amatea huweka nanga mbali kwa kiasi cha asilimia 80 ya urefu: mnara wa mita 30, nanga mita 24 kutoka mguuni. Nanga ikisogezwa karibu, kamba inavuta zaidi kwenda chini, na kazi ya kuzuia upepo inapungua.

Wengi wanafikiri kamba iliyokazwa sana ndiyo salama. Sivyo. Kila kamba inaubonyeza mnara chini; ukizidisha, unaweza kupinda katikati siku ya dhoruba, na kamba yenyewe inatetemeka mpaka nyuzi zinachoka. Ikilegea nayo, mnara unayumba, unapata mwendo, halafu unashikwa kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kinachoharibu vibano. Kawaida ni kukaza kwa asilimia 10 hivi ya nguvu inayoweza kuikata kamba. Kamba ya chuma kigumu ya karibu milimita 5 hukatika kwa kilo kama 1,800. Basi ikazwe kwa kilo 180 hivi, siku isiyo na upepo.

Kama hamna kipimo, tikisa kamba kwa mkono na hesabu inapepea mara ngapi kwa sekunde 10. Kamba tatu za ngazi moja, zenye urefu na unene sawa, zitoe hesabu sawa. Inayopepea upesi mara mbili imekazwa mara nne! Hesabu hii inaonyesha usawa tu, haionyeshi kilo. Usikaze kwa nguvu ile iliyolegea peke yake, maana kilele kitahama. Kaza kidogo kidogo pande zote, mtu mwingine akitazama timazi.

Kuna jambo ambalo fundi mara nyingi halitazami. Nanga tatu huweza kuangukia mashamba matatu. Shamba lisilo na mtu lina mwenyewe. Labda yuko kambini. Siku akirudi akute betoni katikati ya mihogo yake, hasira yake itakuwa ya haki, na kamba moja ikifunguliwa mnara wote unakwenda. Viongozi, mtafuteni mwenye shamba au jamaa zake kabla ya kuchimba. Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi: nanga inachukua nafasi gani, nani anapita kuikagua, na mazao yakikanyagwa nani analipa.

Baada ya hapo, mbuzi wasifungwe kwenye kamba, wala nguo zisianikwe hapo. Kila baada ya dhoruba kubwa, mtu mmoja azunguke nanga zote tatu kutazama kutu, udongo uliopasuka na vibano vilivyoteleza. Akiona kasoro, asipande na asifungue kitu. Aite fundi, na watoto waondolewe chini ya mnara mpaka atakapofika.