Usimpime mzee kwa unene, mpime kwa nguvu za miguu

Na Mwandishi Wetu, Kampala

KATIKA jiji la Kampala mtu akirudi kutoka safari ya mbali hasalimiwi tu, hutazamwa mwili. Akionekana amejaa mashavu, majirani humpongeza kwamba huko alikokuwa mambo yalimnyookea. Akionekana amekonda, watu hunyamaza mbele yake, kisha huulizana pembeni kimemsibu nini.

Tabia hiyo ina historia yake. Katika miaka ya 1980, maradhi yasiyojulikana yalipoanza kuua watu upande wa Rakai na Masaka, wananchi waliyaita "siliimu", neno lililotokana na Kiingereza lenye maana ya wembamba. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa nje waliuandika ugonjwa huo kwa jina hilohilo katika jarida la kitabibu la Lancet. Tangu hapo, kwa familia nyingi za hapa, wembamba umebaki kuwa habari mbaya na unene umebaki kuwa dalili ya afya.

Kwa kijana kipimo hicho cha macho kinaweza kupita. Kwa mzee kinadanganya. Ndiyo maana makala haya nawaandikia hasa ninyi mnaorudi nyumbani baada ya miaka ya kyeyo ughaibuni, na ninyi mnaoshinda njiani kati ya Busia, Malaba, Mutukula na Elegu, ambao mama au baba mnamwona mara chache kwa mwaka. Mkifika nyumbani mnauliza swali moja: amekonda au hajakonda? Swali linaloweza kumwokoa mzee ni jingine: bado ana nguvu?

Nyama inayopotea kimyakimya

Wataalamu wanakadiria kwamba baada ya umri wa miaka 30 hivi, mwili hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kwa kila miaka 10, na kasi huongezeka mtu akishapita miaka 60. Mwaka 1989 mtafiti wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hiyo jina la sakopenia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: nyama na umaskini. Ni umaskini wa nyama mwilini.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba misuli inapoondoka, mara nyingi mafuta huchukua nafasi yake. Mzee aliyekuwa na kilo 70 miaka 10 iliyopita anaweza kupanda kwenye mizani leo akakuta kilo zilezile 70, na wote mkafurahi. Wafanyabiashara wa mipakani mnalijua hili vizuri kuliko daktari: gunia la maharage linaweza kutimiza kilo 100 kwenye mizani, kumbe ndani limechanganywa na mchanga. Mizani haijui tofauti.

Zipo mashine za eksirei zinazoweza kutenganisha mafuta na nyama, lakini si vifaa vya kukuta katika kituo cha afya cha kata. Isitoshe, nguvu hupungua haraka kuliko misuli yenyewe. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Ulaya, walipotoa mwongozo wao mpya mwaka 2018, waliamua kwamba kitu cha kwanza cha kuangalia ni nguvu, si ukubwa wa mwili.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2015, pale matokeo ya utafiti uliowapima karibu watu 140,000 katika nchi 17 yalipochapishwa. Kila mtu alibana kifaa kidogo kwa mkono ili nguvu yake isomwe kwa kilo. Ilionekana kwamba kila nguvu hiyo ilipokuwa pungufu kwa kilo 5, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 16. Kipimo hicho cha mkono kiliashiria vifo vizuri zaidi hata kuliko kipimo cha presha. Si kwamba mkono dhaifu ndio unaoua. Mkono unatoa taarifa ya mwili mzima.

Dalili tano

Mwaka 2001 daktari wa Marekani, Linda Fried, na wenzake waliwachunguza watu zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, wakaorodhesha dalili tano za udhaifu wa uzeeni. Kwanza, kupungua uzito bila kukusudia, kilo 4 na nusu au zaidi ndani ya mwaka. Pili, kujihisi mchovu siku nyingi. Tatu, mkono kukosa nguvu ya kushika. Nne, kutembea polepole. Tano, kupunguza shughuli. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa dhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani kuelekea huko.

Ndugu msomaji ataona kwamba katika dalili hizo tano, kukonda ni moja tu.

Wapo wanaosema haya ni matatizo ya Wazungu wanaokaa kwenye viti siku nzima, na kwamba mzee wa Kiafrika aliyeshika jembe maisha yake yote hayamhusu. Utafiti wa Tanzania unaonyesha vingine. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapitia wazee 1,207 wa vijiji vitano, wenye miaka 60 na kuendelea, kisha baadhi yao wakachunguzwa kwa kina. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalikadiria kwamba takriban mzee mmoja kati ya watano alikuwa dhaifu. Hao ni wakulima wa migomba na kahawa, si watu wa maofisini.

Hapa Uganda, watafiti wa kitengo kinachoshirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe waliwafuatilia watu zaidi ya 500 wenye miaka 50 na kuendelea, kuanzia mwaka 2009 na 2010, katika maeneo ya Wakiso na Kyamulibwa. Walikuwamo waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, waliofiwa na watoto wao kwa ugonjwa huo, na wasioguswa nao kabisa. Miongoni mwa vipimo vilivyotumika ni hicho cha nguvu ya mkono.

Sababu ya kuwajali wazee hao inaeleweka kwa kila anayetoka pande za Masaka. Huko jjajja ndiye aliyewalea watoto walioachwa na wazazi wao. Jjajja akishindwa kuinua sufuria, si yeye peke yake anayelala njaa.

Mapenzi ya kumkalisha

Hapa ndipo ninapotaka tuzungumze kwa uwazi sisi tunaotoka mbali na fedha kidogo mfukoni. Mtaani kwetu Nateete yupo mama aliyeuza ndizi sokoni miaka mingi. Alfajiri alipokea mikungu, mchana alisimama, jioni alipanda kilima kurudi kwake. Kijana wake alirudi kutoka Uarabuni akamjengea, akamletea msichana wa kazi, akamnunulia kochi kubwa, kisha akamkataza kugusa hata ufagio. Kila jirani alisema mama amenona. Kabla mwaka haujaisha, mama huyo alikuwa hawezi kunyanyuka kwenye kochi lile bila kuvutwa mkono, na usiku mmoja alianguka akielekea msalani.

Kijana hakuwa na nia mbaya, na kila aliyewahi kuwa mbali na mzazi anaijua hamu hiyo ya kumpumzisha. Lakini misuli isiyotumika huondoka, na kwa mzee huondoka haraka. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wachache wenye afya njema kwa siku 10 tu. Walipowapima, walikuta wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Hao hawakuwa wagonjwa. Hebu fikiria mzee aliyelazwa wiki mbili kwa malaria au homa ya mapafu, huku sisi tukimwambia asinyanyuke, alale apone.

Wazee wa miaka 90

Habari njema ni kwamba mlango haufungwi kwa sababu ya umri. Mwaka 1990 Dk Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston waliwachukua watu 10 waliokaribia au kupita miaka 90, wakaaji wa nyumba ya kulelea wazee, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wao wakaacha kutumia mkongojo.

Mwaka 1994 mtafiti huyohuyo alirudia kwa wazee 100. Baadhi walipewa mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili. Waliofanya mazoezi walipata nguvu. Kinywaji peke yake hakikuongeza nguvu. Anayemnunulia mzazi makopo ya unga wa lishe kisha akamwacha kwenye kochi anatumia fedha vibaya.

Pima mwenyewe sebuleni

Huhitaji mashine. Mweke mzee kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kukaa mara tano mfululizo. Tazama saa. Akitumia zaidi ya sekunde 15, au akishindwa kabisa, hiyo ni dalili ya misuli kupungua nguvu.

Kipimo cha pili ni mwendo. Pima sakafuni mita 4. Kwa wauza vitenge, ni yadi 4 na theluthi moja hivi. Atembee kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde 5 au zaidi, miguu inadhoofika. Simama karibu naye muda wote asije akaanguka.

Akishindwa, hatua ya kwanza ni kituo cha afya, hasa kama amekonda ghafla, maana kifua kikuu, kisukari, VVU na saratani navyo hula mwili. Dalili hizo si za kuficha ndani kwa kuogopa maneno ya majirani. Muulize mhudumu pia kama moyo na presha vinaruhusu mazoezi.

Akiruhusiwa, kile kipimo cha kiti ndicho dawa yenyewe: asimame na kukaa mara 8 hadi 10, apumzike, arudie, siku mbili au tatu kwa wiki. Akizoea, ashike dumu dogo la maji; lita moja ni kilo moja, hivyo ni rahisi kuongeza mzigo kidogo kidogo. Na arudishiwe kazi zake nyepesi za nyumbani.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mwaka 2013 jopo la wataalamu lilipendekeza mtu aliyepita miaka 65 apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, isipokuwa mwenye ugonjwa mkubwa wa figo. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Sahani ya matoke au posho hujaza tumbo lakini haifiki hapo. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maharage, karanga, maziwa na dagaa wetu wa mukene ndivyo vinavyojenga, na mukene waliosagwa wakawekwa kwenye mchuzi wa binyebwa hutafunwa hata na asiye na meno.

Msaada wa Serikali kwa wazee ulianza mwaka 2010, na ulipopanuliwa nchi nzima katika mwaka wa fedha wa 2020/21, umri wa kuanza kupewa uliwekwa miaka 80. Misuli huwa imeanza kuondoka zamani kabla ya hapo. Katikati ya umri huo mzee anawategemea wanawe.

Kwa hiyo safari hii ukifika nyumbani, pamoja na sukari na kitenge, tenga dakika kumi za kiti na saa. Andika sekunde alizotumia. Kabla hujapanda basi kurudi mpakani, mwachie mjukuu kazi ya kumsimamia mazoezi, na ukija tena pima upya. Namba hiyo itakuambia hali ya mama kuliko mashavu yake.