Saruji ya mifupa: Chanzo cha hatari na kinga yake

MZEE aangukaye shambani huko Igembe, Meru, au agongwaye na bodaboda mjini Embu, huenda akavunjika nyonga kiasi kwamba mfupa hauwezi kuungwa tena. Hapo hulazimu kuwekewa kiungo bandia, ambacho mara nyingi hushikizwa kwa saruji ya mifupa.

Saruji hii si ya ujenzi. Ni plastiki ya akriliki: unga na majimaji huchanganywa katika chumba cha upasuaji, na baada ya dakika chache hugeuka kuwa kitu kigumu. Daktari Mwingereza John Charnley ndiye aliyeeneza matumizi yake katika upasuaji wa nyonga, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Huwafaa hasa wazee wenye mifupa dhaifu, kwani hukishika kiungo papo hapo.

Hatari huja inaposhindiliwa. Ndani ya mfupa wa paja mna uboho na mafuta. Saruji na kiungo vinapoingizwa, shinikizo husukuma mafuta, uboho na hewa kwenye mishipa ya damu hadi mapafuni. Moyo hulemewa, oksijeni hupungua na shinikizo la damu hushuka ghafla. Kwa wengi hali hiyo hupita upesi. Kwa wachache moyo husimama.

Walio hatarini zaidi ni wazee sana, wenye maradhi ya moyo au mapafu, na ambao saratani imewafika mifupani.

Kinga huanza kwa kuusafisha vyema mfereji wa mfupa na kuukausha. Kizibo huwekwa ndani, kisha saruji hujazwa kutoka chini kwenda juu ili isinase hewa. Kabla ya kuitia, daktari mpasuaji humtahadharisha mtaalamu wa nusukaputi, naye huongeza oksijeni na kuweka tayari dawa za kupandisha shinikizo la damu. Vipo pia viungo visivyohitaji saruji, ila huweza kuupasua mfupa uliochakaa.

Jamaa nao wana wajibu. Wamweleze daktari maradhi yote ya mgonjwa, dawa anazomeza, na iwapo hutafuna miraa, ambayo huharakisha mapigo ya moyo.

Hata hivyo, hofu isiwe sababu ya kumficha mgonjwa nyumbani. Mzee aliyevunjika nyonga akilala kitandani kwa majuma, nimonia, vidonda na damu kuganda mishipani huweza kumwua pasipo saruji yoyote.